Vikinga Masikio au Kutuliza Mashine: Mzigo wa Kelele Aubebe Nani?

Katika karakana nyingi mjadala kuhusu kelele huisha kabla haujaanza. Mashine inaunguruma, mtu analalamika, anapewa vikinga masikio, na kazi inaendelea. Anayependekeza kwamba mashine yenyewe ndiyo itulizwe huonekana mtu wa anasa, kama si mtu asiyeijua kazi. Upande wa vikinga una hoja nzito: ni vyepesi, hupatikana kwa urahisi, huanza kufanya kazi dakika ile ile vinapovaliwa, na humfuata fundi popote aendapo. Anayekata chuma kwa grinda ya mkononi hawezi kuifungia grinda hiyo ndani ya sanduku. Kwake vikinga ndiyo kinga ya kwanza na ya mwisho, na anayemwambia asubiri kuta zijengwe upya anamdhuru.

Hata hivyo, imani kwamba vikinga vimemaliza suala zima inategemea namba iliyoandikwa kwenye boksi, yaani desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) ambazo vikinga hupunguza, na namba hiyo inafaa kukaguliwa kwa makini. Tuchukue karakana yenye kelele ya desibeli 100, na vikinga vinavyopunguza desibeli 30. Kwa hesabu ya haraka sikio linapata 70, na kila mtu anaridhika. Sasa tuseme fundi, katika saa 8 za kazi, amevivua kwa jumla ya dakika 24 tu: mara amsikie mwenzake, mara ajifute jasho, mara apokee simu. Hiyo ni asilimia 5 ya muda wake. Wengi wangedhani amepoteza asilimia 5 ya kinga. Kwa kweli kinga yake ya siku nzima imeshuka kutoka desibeli 30 hadi takriban 13, na wastani uliofika sikioni ni kama 87. Akivivua kwa dakika 48, kinga inabaki kama 10.

Hesabu hii hushangaza kwa sababu desibeli hazijumlishwi kama kilo za misumari. Kila ongezeko la desibeli 3 ni maradufu ya nishati ya sauti. Ndiyo maana NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, inayopendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, hukata muda huo kwa nusu kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa moja, na 100 kwa dakika 15 pekee. Fundi wetu alikaa wazi dakika 24. Alimaliza fungu lake la siku na kulipita, na saa zote alizokuwa amevaa vikinga kwa utiifu haziwezi kulirudisha. Seli za nywele za sikio la ndani, zile zinazopokea sauti, zikishakufa hazioti tena.

Na hapo tumekubali kwamba namba ya boksi ni ya kweli. NIOSH hiyo hiyo iliwahi kushauri ipunguzwe kwa robo kwa vikinga vya kufunika sikio, kwa nusu kwa vizibo vya sifongo vinavyofinyangwa, na kwa asilimia 70 kwa vizibo vya aina nyingine, kwa kuwa maabara si karakana. Mkono wa miwani ukipita chini ya mto wa kikinga, au sharafa zikijaa pembeni, sauti imepata mlango. (Hedifoni za muziki zinazojinadi kufuta kelele ni suala jingine: hupunguza vizuri mvumo mzito usiobadilika, lakini mlio mkali wa msumeno hausikii amri yao vivyo hivyo, na mvaaji huongeza sauti ya muziki ili aushinde.)

Upande wa pili, ule wa kutuliza kelele yenyewe, haueleweki vizuri, na nadhani sababu kubwa ni kwamba wengi waliojaribu kuutekeleza walianzia pabaya. Wamebandika trei za mayai na sifongo kutani, wakawasha mashine, wakasikia kelele ile ile, kisha wakatangaza kwamba kuzuia sauti ni hadithi. Kitu laini na chepesi hunyonya sehemu ya mwangwi unaorudi ndani ya chumba, lakini hakiizuii sauti isipenye. Kinachoizuia ni uzito: ukuta mzito, mlango mzito, tabaka mbili zisizogusana. Tena pawe hapana upenyo, kwani uwazi wa asilimia 1 tu ya ukuta hauruhusu ukuta huo kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ungekuwa wa zege. Na hata ukuta kamili humsaidia jirani. Fundi aliyesimama hatua moja kutoka kwenye msumeno hupata sauti moja kwa moja kutoka kwenye msumeno, na kuongeza maradufu unyonyaji wa chumba humpunguzia desibeli 3 tu za mwangwi.

Kwa hiyo hoja yenye nguvu ya upande huu inaanzia kwenye mashine, wala si kutani. Kompresa ikihamishiwa nje ya chumba, na hewa ikiletwa kwa bomba, mafundi wote wamepata nafuu bila hata mmoja kulazimika kukumbuka lolote. Mota ikikalishwa juu ya raba badala ya kufungwa moja kwa moja kwenye bati, bati haligeuki ngoma. Beringi iliyochakaa, mkanda uliolegea na meno butu ya msumeno vyote hupiga kelele ambayo matengenezo ya kawaida yangeinyamazisha. Randa yenye visu vidogo vilivyopangwa kwa mzunguko kama skrubu huimba kwa upole kuliko ile ambayo kisu chake kirefu hupiga mbao kwa upana wote kwa mkupuo mmoja.

Upande huu nao una gharama zake. Mota iliyofungiwa sandukuni bila njia ya hewa itaungua, na chumba kilichozibwa kila upenyo hukusanya vumbi na joto. Pia mpangilio ni muhimu: mashine ya desibeli 90 ikifanya kazi kando ya ile ya 100, jumla yake ni 100 na nukta kidogo, hivyo anayeituliza ile ndogo kwanza amepoteza nguvu zake.

Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2003 linamtaka mwajiri aiondoe au aipunguze hatari ya kelele kwenye chanzo chake kwanza, na kuanzia desibeli 85 vikinga ni lazima vivaliwe. Naona mpangilio huo unavinufaisha hata vikinga vyenyewe. Karakana iliyoshuka kutoka 100 hadi 92 haihitaji vikinga vizito vinavyobana kichwa na kumtenga mvaaji na wenzake. Vyepesi vinatosha, na ndani ya vikinga vyepesi fundi anamsikia mwenzake akimwita, anausikia msumeno ukianza kukwama, na sababu nyingi zilizomfanya avivue zile dakika 24 zimeondoka.