Fidla ya kuazimwa na sanduku la chai: nani anasomeshwa muziki?

Kila nikisoma watu wanaandika eti Ulaya kila mtoto anafundishwa muziki na kwetu hatujali, natamani tukae tulizungumze vizuri, maana mimi ni mtoto wa Ng'ambo, ule upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe, naishi Bochum Ujerumani, wanangu wanasoma huku, na pande zote mbili nazijua.

Nianze na haki yao wenzetu. Hapahapa Bochum ndiko ulikoanzia mwaka 2003 ule mpango wa kila mtoto wa skuli ya msingi kupata ala yake, 2007 ukasambaa miji ya Ruhr, 2015 ukabadilishwa ukaitwa JeKits na sasa uko jimbo zima la Nordrhein-Westfalen. Ruhr ni miji ya makaa ya mawe jamani, migodi imefungwa, maskini wapo na wahamiaji wamejaa, yani hawakuanzia kwa watoto wa matajiri. Na uzuri wake ni kwamba mwalimu wa muziki ndo anaifata skuli, sio mzazi ahangaike na basi jioni baada ya kazi. Watoto wanajaribishwa ala, huyu anapuliza, yule anakwaruza, halafu wanachagua. Binti yangu alichagua fidla, akapewa ndogo ya saizi yake, na boksi lake, upinde wake na kipande cha ulimbo wa kupaka kwenye upinde, mimi nikatia saini tu. Rafiki yake ambaye wazazi wake ni wakimbizi kutoka Syria naye kapewa vilevile, na familia zinazoishi kwa msaada wa serikali hazidaiwi ada. Hata watoto wenye ulemavu, Bochum hii tangu mwisho wa miaka ya 1970 profesa Werner Probst alishawaingiza kwenye skuli ya muziki kujifunza ala kama wengine, wakati kwetu mtoto asiyeona tunamsifu sauti yake kwenye maulidi na kumpa kinanda hatufikirii.

Lakini sasa subirini. Mtoto akishamaliza skuli ya msingi mpango umeisha, ukitaka aendelee unalipa kila mwezi, na ile posho ya serikali ya euro 15 kwa mtoto wa familia maskini haitoshi somo la peke yake na mwalimu. Ukienda kwenye onesho la wale wakubwa unaona mwenyewe watoto waliobaki ni wa nani.

Na kuna hili la muziki wa nani ndo unahesabika. Waturuki wamekuja huku kwa mkataba wa kazi wa 1961, bağlama, ile ala yao ya nyuzi, zinapigwa majumbani mwao miaka yote hiyo, baraza la muziki la Berlin limekuja kuitangaza kuwa ala ya mwaka 2013! Mimi mwenyewe niliuliza kwenye kikao cha wazazi kama watoto wanaweza kufundishwa na ngoma za kwetu, nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba itapendeza siku ya vyakula vya mataifa. Iliniuma na bado inaniuma, mana mtoto anapokea ujumbe kwamba fidla ni elimu na ngoma ya bibi yake ni ya kusindikizia sambusa.

Kwetu tatizo ni jengine. Taarab ilianzia kwa wakubwa, Sultani Sayyid Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akasomee qanun, ile ala ya nyuzi nyingi, ikaja klabu ya taarab ya Nadi Ikhwan Safaa 1905, yote hayo mambo ya mjini na ya wanaume. Muimbaji Siti binti Saad, mtoto wa kijiji cha Fumba, wazazi wake wafinyanzi na kizazi cha watumwa, aliingia kwa sababu Ali Muhsin wa klabu ile alikubali kumfundisha, na 1928 akaenda Bombay kurikodi santuri kwa Kiswahili. Mtu mmoja mwenye moyo ndo alimfungulia mlango, na wallahi mpaka leo tunategemea hivyohivyo. Chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) pale Mji Mkongwe kimesomesha vijana wengi ambao wazazi wao hawana kitu, lakini 2019 kilikaribia kufungwa kwa sababu pesa za wafadhili ziliisha. Chuo cha taarab, ndani ya Zanzibar, kinasubiri mfadhili wa nje!

Na tusiseme hatuna walimu. Nendeni kwenye harusi muangalie kidumbak, ile ngoma ya watu wa kawaida iliyo jamaa ya taarab, kuna mtu kakamata sanduku la chai lina uzi mmoja na fimbo anatoa besi inayokutikisa kifua, pembeni ngoma mbili ndogo, mkwasa yani vijiti vya kugonga, na cherewa za vifuu za kutikisa. Watu wale masikio yao yamesomeka. Ila hawana cheti, kwa hiyo skulini hawaingii. Wasichana nao tumewazoesha kuimba na kupokea tunzo, ala waachie wanaume, mpaka Mariam Hamdani alipoanzisha kikundi cha taarab cha Tausi 2009, wanawake wanapiga fidla na qanun wenyewe.

Kwa hiyo mimi sitaki Zanzibar iige Bochum kila kitu, nataka ile sehemu moja tu: ala ziwe za skuli, ziandikwe kwenye bajeti ya serikali, mtoto aazimwe apeleke nyumbani, na skuli za Ng'ambo na mashamba zianze kabla ya Mji Mkongwe. Wale wazee wa kidumbak walipwe kwa saa kama mwalimu yeyote, bila kuulizwa vyeti. Na nyie wenzangu wa diaspora mnaojaza makontena, tieni na seti za nyuzi za fidla na ulimbo, maana uzi ukikatika kwetu fidla inakaa ukutani miezi. Fidla zenyewe zifungeni vizuri kwenye boksi lake, joto na unyevu gundi inaachia.