Baridi ikishika, anza na shomoro

Katika nchi zenye baridi kali, wengi huiona miezi ya Desemba hadi Februari kuwa ya kufungia darubini kabatini. Mimi naona kinyume. Kwa anayeanza kujifunza kutambua ndege wa karibu na nyumbani, sijui msimu ulio bora kuliko huo. Miti imepukutisha majani, wahamaji wengi wameshaondoka, na waliobaki wana njaa kiasi kwamba hawana muda wa kujificha. Kinachowaponza wanaoanza ni kukimbilia rangi.

Rangi wakati wa baridi hudanganya. Mtazame shomoro dume. Akishamaliza kubadilisha manyoya mwishoni mwa kiangazi, baka lake jeusi la kooni hufunikwa na ncha za kijivu. Ncha hizo husagika polepole, na kufikia majira ya kuchipua weusi umejitokeza wenyewe, bila unyoya mpya kuota. Kwenzi wa Ulaya naye huingia baridi akiwa na madoadoa meupe na mdomo wa giza. Miezi michache baadaye madoa mengi yamesagika na mdomo umekuwa manjano. Wapo shakwe ambao kiangazi huwa na kichwa cha giza, lakini baridi hubakiwa na doa tu nyuma ya jicho. Basi kabla hujanunua kitabu cha ndege, fungua kurasa uone kama kinaonyesha mavazi ya misimu yote. Kisichoonyesha, kirudishe rafuni.

Hata umbo lina hila zake. Ndege akisikia baridi hutunisha manyoya ili anase hewa yenye joto, akaonekana mnene kuliko alivyo. Ndiyo maana nasisitiza shomoro: ana urefu wa sentimita 15 hivi, yupo karibu kila mahali penye watu, na anakufaa kuwa rula. Ukimjua vizuri, swali la kwanza kwa kila mgeni ni kama anamzidi kwa ukubwa au ni mdogo kuliko yeye. La pili ni mdomo: mfupi na mnene ni wa kupasulia mbegu, mwembamba ni wa kudonolea wadudu.

Kisha tazama mwendo, ambao kwangu una uzito kuliko rangi yoyote. Shomoro hurukaruka kwa miguu miwili pamoja. Kwenzi hutembea, mguu mmoja baada ya mwingine. Kigong'ota hupanda shina huku mkia mgumu umeegemea gome. Na katika bustani za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ukiona kindege anateremka shina kichwa kikiwa chini, karibu kila mara ni wa jamii iitwayo kisayansi Sitta. Ukimwona huyo, usiondoke upesi. Ndege wadogo wa aina mbalimbali husafiri kundi moja wakati wa baridi, na kundi zima linaweza kuumaliza mti wako kwa dakika chache.

Kuhusu darubini, 8x42 inatosha na kubaki. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 upate mwali wa milimita 5 na ushei unaoingia jichoni. 10x25 hukupa 2.5 tu, na asubuhi yenye mawingu tofauti hiyo ya mwanga utaiona. Ukishamwona ndege kwa macho, usimwachie: inua darubini hadi usoni bila kushusha macho. Anayeinama kuitafuta darubini kifuani humpoteza ndege.

Dirisha lililofungwa, tena safi, ni bora kuliko lililo wazi, kwa sababu hewa moto ya chumbani ikikutana na baridi ya nje hufanya picha itetemeke. Simama ukikabili kioo moja kwa moja. Ukitazama kwa mshazari, taswira hupinda. Ukitoka nje, jua liwe mgongoni, kwani linapokaa chini ndege aliye mbele yake huwa kivuli cheusi tu. Unaporudi ndani, iache darubini ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka ipate joto, la sivyo lenzi zitajaa ukungu.

Programu za simu zinazotambua sauti zinasaidia, ila zichukulie kama pendekezo. Baridi ndege wengi hawaimbi. Hutoa milio mifupi inayofanana, na hapo programu hubahatisha. Andika kwanza ulichokiona, ndipo uiulize.

Na unapohesabu, usijumlishe. Ukiona shomoro 6 uani, baadaye 4, kisha 9, andika 9, maana huenda ni walewale wanaokwenda na kurudi. Sensa ya ndege wa bustanini inayofanyika Uingereza kila Januari tangu 1979 hutumia kanuni hiyohiyo.