Fungua Kwanza, Ndipo Useme Imekufa

Wiki iliyopita mdogo wangu alipeleka laptopu yake kwa fundi. Kioo kilikuwa kimejaa mistari ya wima, na upande wa kushoto umegeuka mweupe kabisa. Fundi akaiwasha, akaitupia jicho, akaifunga. "Dada, hii ni ya zamani. Tafuta nyingine." Hakushika bisibisi. Hakuuliza kama ilianguka, wala mistari ilianza lini. Mdogo wangu akarudi nayo ameikumbatia kama mtoto mgonjwa aliyekataliwa mlangoni, na kazi zake zote za chuo zimo humo ndani.

Nilikasirika, na hasira haijaniisha ingawa mashine hiyo sasa inawaka vizuri mezani kwake. Tulibadilisha kioo sisi wenyewe, jioni moja, kwa bisibisi ndogo ya msalaba na kadi ya plastiki ya kubandulia fremu. Wala sisi si mafundi.

Kinachoniuma si fundi kukataa kazi. Kila mtu ana haki ya kusema hii siiwezi, au hii haina faida kwangu. Kinachoniuma ni hukumu iliyotolewa bila uchunguzi. Kumwambia mtu kwamba kifaa chake kimekufa ni jambo zito, maana huenda hana uwezo wa kununua kingine, na anakuamini kwa sababu wewe ndiye unayejua. Neno "zamani" si ugonjwa. Mistari kwenye kioo ni dalili, na dalili hufuatiliwa.

Kuifuatilia kwenyewe si kazi ya siku nzima. Chomeka skrini ya nje, hata televisheni, kwenye tundu la HDMI au VGA. Picha ikitoka safi huko nje, basi chipu ya picha na bodi kuu ni nzima kwa sehemu kubwa, na tatizo limebaki kwenye kioo au kwenye waya unaokilisha. Kisha washa mashine uingie kwenye menyu ya BIOS, ile programu ya msingi iliyomo kwenye bodi yenyewe, kabla Windows haijaamka: mistari ikiwa bado ipo, usihangaike na programu. Halafu shika mfuniko, uusogeze taratibu mbele na nyuma. Mistari ikicheza au kutoweka kadiri mfuniko unavyosogea, mshuku waya unaopita kwenye bawaba, kwa sababu waya huo umekunjwa na kukunjuliwa maelfu ya mara. Na kama kioo ni cheusi tii, mulika tochi kwa pembeni. Ukiona maandishi hafifu kwa mbali, picha ipo, ila taa ya nyuma ndiyo imezimika. Vipimo vinne, na dakika kumi zinavitosha. Yule fundi hakufanya hata kimoja.

Sisi tuliona picha safi kwenye televisheni, na mistari haikutikisika hata tulipochezesha mfuniko. Kioo ndicho kilichokuwa kimekufa.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na ni hapa ninapotaka kuwashika mkono. Msitafute kioo kwa jina la laptopu. Mashine ya jina moja na mwaka mmoja huweza kutoka kiwandani na vioo vya makampuni matatu tofauti. Kitoeni kioo kibovu kwanza, mkigeuze, msome stika iliyoko mgongoni. Chetu kiliandikwa N156BGE-L21. Hiyo 156 ni inchi 15.6. Hiyo herufi L ndiyo iliyotuokoa, kwa sababu kuna kioo kingine kinachoitwa N156BGE-E21: ukubwa ule ule, pikseli zile zile 1366 kwa 768, kwa macho ni pacha wake. Lakini cha L hupokea picha kutoka kwenye bodi kwa mfumo wa zamani uitwao LVDS, wenye pini 40, na cha E hutumia mfumo mpya zaidi uitwao eDP, wenye pini 30. Ukiagiza pacha wa pili, hakitaingia, na mtakaa mkidhani mmeharibu kitu. Mwishoni mwa mwaka 2010 watengenezaji wa chipu Intel na AMD, pamoja na wenzao, walitangaza kwamba wataachana na LVDS ifikapo 2013, kwa hiyo mashine za miaka hiyo ya mpito ndizo zinazochanganya watu zaidi. Ya mdogo wangu ni ya 2012.

Angalieni pia soketi iko upande gani mgongoni pa kioo, na vishikio vya skrubu viko wapi: pembeni kushoto na kulia, au juu na chini. Vioo vyembamba na vinene havibadilishani nafasi hivi hivi. Piga picha ya mgongo wote kabla ya kuagiza, uilinganishe na picha ya muuzaji, herufi kwa herufi.

Kazi yenyewe nitaipita haraka, kwa kuwa kila mashine ina namna yake, na watengenezaji kadhaa, Dell na Lenovo wakiwamo, huweka vitabu vya ufundi vya mashine zao wazi kwenye tovuti zao. Unabandua vifuniko vidogo vya mpira, unatoa skrubu zilizofichwa chini yake, unafungua fremu ya plastiki kwa vidole ukianzia ndani. Itatoa milio ya kutatarika inayotisha. Ni vibanio tu vinaachia.

Lakini kuhusu betri sipiti haraka. Chomoa chaji, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Mashine ambayo betri yake imefungiwa ndani, ifungue chini uchomoe waya wa betri kwenye bodi. Waya wa kioo hubeba data pamoja na umeme wa taa ya nyuma. Ukiuchomeka upande umekaa mshazari huku betri ikiwa hai, pini mbili zinaweza kugusana na fyuzi ndogo kama punje ya mchanga ikaungua kwenye bodi kuu. Hapo utakuwa na kioo kipya, kizima, na giza. Na uchungu wake ni kwamba utaamini umeuziwa kioo kibovu, ukirudishe, uletewe kingine, nacho kiwe giza. Mdogo wangu alitaka tuache betri ili tuone haraka kama kinawaka. Nilimkatalia kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Waya wenyewe hauvutwi kwenda juu. Bandua utepe wa gundi uliofunika soketi, inua kile kidude cha chuma kama kipo, kisha usukume utoke ukiwa umelala sambamba na kioo.

Nakubali, si kila mashine inafunguka hivi. Laptopu za Apple za MacBook Pro zenye kioo cha Retina, kuanzia 2012, zimegandishwa kioo na mfuniko kuwa kitu kimoja, na huko fundi akisema ubadilishe mfuniko mzima hakudanganyi. Laptopu za skrini ya kugusa nyingi zina kioo cha juu kilichogandishwa kwa gundi, na mkono usiozoea utakipasua. Za kabla ya takriban 2009 nyingi zinawashwa na mrija wa floresenti wenye zebaki ndani, ukilishwa na inveta, kifaa cha kupandisha umeme hadi volti za mamia, na hizo sitamshauri mtu asiyejua aziguse. Na bodi kuu ikiwa imekufa kweli, basi imekufa.

Lakini fundi hawezi kuyajua hayo mpaka afungue.

Duniani zilizalishwa tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022 kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, na zilizokusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu rasmi hazikufika robo. Ninapoisoma takwimu hiyo najiuliza ni mashine ngapi humo zilikosa kioo tu.

Mara ya kwanza kuwasha, kabla ya kurudisha fremu, mdogo wangu alifumba macho. Kioo kikamulika, alama ya mtengenezaji ikatokea katikati, safi, bila mstari hata mmoja. Alinyamaza, akaenda moja kwa moja kwenye folda ya utafiti wake, akaanza kuhesabu mafaili, moja baada ya jingine. Yote yalikuwapo. Yalikuwapo tangu mwanzo, hata siku ile alipoambiwa atafute nyingine.

Kioo cha zamani nimekifunga kwa kadibodi mpaka nipate mahali panapopokea taka za namna hiyo. Na kabla ya kurudisha fremu niliandika N156BGE-L21 kwenye kipande cha utepe, kwa wino usiofutika, nikakibandika chini ya betri. Atakayeifungua baada yetu ataikuta namba.