Beki Tatu wa Barafuni

Naandika hii nimekaa kwenye kochi mguu nimeuweka juu ya stuli, msiniulize umefanyaje, tutafika huko. Kwanza nataka mnijibu, hivi nani alituloga sisi watu wa Moshi tukaacha migomba na mbege tukaja kuishi Massachusetts, mahali ambapo maji yakisahaulika kwenye ndoo nje usiku asubuhi unakuta jiwe, halafu wenyeji badala ya kuikimbia hiyo barafu wanajengea nyumba kubwa, wanaigandisha upya kwa mashine hata mwezi wa saba, wanakutoza hela ukateleze juu yake.

Na mimi ndo natozwa.

Dogo langu lina miaka kumi na moja, refu kama wajomba zake upande wa mama, wale watu msibani huulizi wamekaa wapi, unaangalia tu vichwa vinavyogusa turubai. Mimi nikajua Mungu kanikumbuka, huyu ni basketi, kiatu kimoja, bukta moja, mpira shule inatoa, kwisha. Siku anarudi na karatasi ya kusainiwa nasoma naona hoki ya barafu. Nikamuuliza namba gani, nikitegemea atasema fowadi angalau afunge magoli tupige picha. Kasema kocha amemwangalia urefu akamwambia wewe beki.

Beki! Mwanangu, kwetu beki ni nani? Beki tatu si dada wa kazi? Anaamka wa kwanza analala wa mwisho, wali ukiiva vizuri mgeni anamsifu mama mwenye nyumba, ukiungua anaitwa yeye. Na mnisamehe ila hata kwenye hoki ni vilevile, nimeshakaa majukwaani mwaka wa pili sasa najua. Fowadi akipoteza mpira watu wanasema bahati mbaya. Beki akiteleza kidogo tu, na jamani yuko kwenye barafu, asipoteleza ateleze nani, basi goli ni lake.

Tuje kwenye gharama maana hapa ndo roho inaniuma. Kofia ya chuma usoni, pedi za mabega, za viwiko, za magoti, gloves kama za bondia, kaptula imejazwa godoro, kinga ya meno, kinga ya shingo, na kinga ya sehemu ambayo sitaitaja maana mama mkwe huwa anasoma. Fimbo yenyewe dola 180, ikavunjika wiki ya pili, nikauliza nilete gundi wazungu wakacheka. Mimi fimbo niliyochungia ng'ombe kwa babu ilikaa miaka sita na ilikuwa ya bure.

Halafu viatu. Vile viatu vya kisu kwa chini vinaitwa skeiti. Nikampigia mama mkwe jumapili, shikamoo mama, marahaba baba Glory, habari za huko, nikamwambia mama tunabanwa kidogo mwezi huu kwa sababu nimemnunulia mjukuu wako skeiti ya dola mia mbili na hamsini. Simu ikanyamaza. Nikadhani mtandao. Kumbe mama kakaa chini. Jioni yake ukoo mzima wa Marangu unajua kwamba Marekani imetushinda, mtoto wa kiume amenunuliwa sketi, tena ya bei mbaya, na baba yake ndo kamnunulia kwa mkono wake. Mpaka leo kuna shangazi ananiombea.

Na hizo skeiti zinanolewa. Kila baada ya siku kadhaa unapeleka dukani unalipa wanoe, yani mimi niliyekua nanoa panga kwenye jiwe la mtoni leo nalipia mtu kunoa kiatu.

Mazoezi ni jumamosi saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Kwa nini? Kwa sababu barafu nzuri za mchana zinachukuliwa na wenye hela. Naamka saa kumi, nakwangua theluji kwenye kioo kwa kadi ya benki maana kile kikwanguo dogo kakifanya fimbo, tunaenda, namfunga kamba za viatu mpaka vidole vinakufa ganzi, anaingia. Mimi nakaa kwenye benchi la alumini. Alumini, wapendwa. Ubaridi unaanzia pale ulipokalia unapanda. Tukirudi, begi linanuka. Sio kunuka kwa jasho, kunuka kwa dagaa waliolowa wakasahaulika kwenye buti. Mama Glory kaliwekea sheria, halivuki mlango wa jikoni.

Sasa ningeshamtoa zamani, ila kuna mzee mmoja kaniharibu akili. Kazi yangu ni usiku, nalea wazee, na huyu mzee hapati usingizi, ni mgonjwa wa timu ya hoki ya Boston Bruins kuliko ugonjwa uliomleta. Siku nikamlalamikia habari ya beki akakaa kitandani kama kachomwa sindano. Akaniambia kaa chini nikwambie kuhusu Zdeno Chára.

Mimi nikakaa, nalipwa kwa saa.

Kumbe huyu Chára mtoto wa Slovakia, mji unaitwa Trenčín, kazaliwa 1977, baba yake mcheza mieleka aliyefika mpaka Olimpiki ya Montreal 1976. Mtoto akarefuka akarefuka, makocha wa kwao wakamwangalia wakasema wewe kijana ungeenda basketi. (Hapo mimi nikakohoa nikajifanya narekebisha shuka la mzee.) Hakwenda. Alipokua mkubwa alikua na futi sita na inchi tisa, sentimita 206, hakuna mchezaji aliyewahi kumzidi urefu NHL, ile ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Canada, na hapo hajavaa hivyo viatu vinavyomwongezea.

Mwaka 1996 timu ya New York Islanders ikamchagua, wa 56 kuchaguliwa. Maana kule hawasajili kienyeji kama sisi, mchezaji kuonekana mchana Simba usiku Yanga, hapana, kuna siku moja kwa mwaka timu zinakaa zinachagua vijana wa dunia nzima kwa zamu, siku hizi timu 32 mizunguko saba, vijana 224, na wengi humo hawagusi hata mechi moja ya ligi kubwa. Piga hesabu mwenyewe. Mimi niliipiga, nikasikia baridi ya alumini.

Kuchaguliwa sio kucheza. Alipelekwa kwanza Prince George huko magharibi ya Canada, halafu akachezeshwa timu ya ligi ya chini Kentucky. Mzee anasema maisha ya ligi ya chini ni basi, unacheza usiku unapanda basi, unalala umekunja shingo. Sasa mtu wa sentimita 206 kwenye siti ya basi! Mimi mfupi hivi na basi la Dar Moshi nilikua nashuka magoti yanasoma namba nyingine.

Halafu 2001 wakambadilisha. Sio kumuuza, kumbadilisha, kama sisi tulivyokua tunabadilishana ndizi na samaki. Islanders wakamtaka Alexei Yashin wa Ottawa, fowadi, staa, wakamtoa Chára na mchezaji mwingine na nafasi ya pili ya kuchagua vijana mwaka ule. Beki kawekwa kwenye kikapu cha nyongeza, wachukueni na hiki. Ottawa wakajipatia mnara wao, akakaa pale mpaka 2006 Boston wakamchukua wakampa na unahodha, na miaka mitatu mbele, 2009, akabeba Norris, hiyo ndo tuzo ya beki bora wa ligi nzima.

Na sikilizeni hii, nilipoambiwa nilipiga goti la mzee kwa bahati mbaya. Ottawa alivaa jezi namba 3. Beki, namba tatu. Beki tatu! Kafika Boston namba 3 ilishastaafishwa zamani, 1934, kwa heshima ya beki mwingine Lionel Hitchman, basi akachukua 33. Beki tatu mara mbili. Nilicheka nesi akaja kuangalia nani kazidiwa.

Kazi yenyewe sasa. Mnadhani beki anasimama tu nyuma kama nguzo ya umeme. Timu inavalisha mabeki sita tu, wanaingia wawili wawili, sekunde arobaini na kitu unatoka ulimi nje, unakaa dakika moja na ushee, unarudi, na yule beki mkuu anafikisha dakika 25 kwa usiku, mechi themanini na kitu kwa msimu, hapo mtoano hujaanza. Kile wanachopigia kinaitwa paki, kidude cha mpira mweusi, inchi moja unene, upana inchi tatu, karibu gramu 170, na wanakigandisha kabisa kabla ya mechi kisidunde. Na kazi ya beki, jamani, ni kujirusha mbele ya hicho kidude kwa hiari yake, mguu, mbavu, popote, ili kisimfikie kipa. Kuna takwimu yake kabisa, wanahesabu umezuia mangapi kwa mwili. Huyo Chára mwenyewe mwaka 2012 kwenye mashindano ya mastaa alipiga shuti likapimwa maili 108.8 kwa saa, kilomita 175. Basi gani la mkoani linafika hapo, na hayo mabasi nayafahamu. Kuna binadamu analipwa kusimama mbele ya kitu kama hicho na kusema nipige mimi.

Ukimkumba mtu vibaya refa anakupeleka kwenye kizimba, kiboksi kidogo cha vioo, unakaa dakika mbili mwenyewe unatazama wenzako wanateseka pungufu. Chára amekaa humo zaidi ya dakika 2,000 maisha yake yote. Hizo 2,000 peke yake gawa kwa sitini, ni masaa 33 na chenji. Hiyo 33 inamfuata. (Watoto wa umri wa dogo langu hawaruhusiwi bado kupigana vikumbo, sheria, mpaka wafike kundi la miaka 13 na 14. Nimeweka alama kwenye kalenda, nikifika hapo nitasafiri.)

2011 akabeba Stanley Cup, ndo kombe la ubingwa wa NHL, mechi ya saba ya fainali kule kwa wapinzani Vancouver, nne bila, nahodha ndo anainua wa kwanza, na mzee analia ananisimulia saa tisa usiku mimi nimeshika bakuli la uji. Halafu 2019 fainali na St. Louis, mechi ya nne, paki ikagonga fimbo yake mwenyewe ikaruka ikampiga usoni, taya likavunjika. Mechi ya tano huyo hapo, kavaa kofia ya kufunika uso mzima, anacheza. Taya limevunjika! Mimi jino likiuma natuma meseji kazini na emoji. Na kombe lenyewe wakalikosa.

Alistaafu 2022 ana miaka 45, mechi 1,680, hakuna beki amefikisha hizo NHL. Magoli 209. Yani goli moja kwa kila mechi nane. Miaka yote ile kazi kubwa ilikua kuzuia visitokee vitu, sasa utapigaje picha kitu ambacho hakikutokea? Ushahidi upo nje ya uwanja wa Boston, nenda kaangalie, kuna sanamu ya beki, Bobby Orr, beki aliyeshika Norris mara nane mfululizo, mpaka magoti yakamfukuza uwanjani ana miaka thelathini. Sanamu inamuonyesha anafanya nini? Anazuia? Thubutu. Yuko hewani anashangilia goli alilofunga 1970. Mpaka wamchonge beki ilibidi kwanza afunge.

Nikadhani mzee kamaliza. Akasema, na yule bwana 2008 alienda kwenu akapanda Kilimanjaro.

Nilinyamaza. Mimi nimezaliwa pale chini. Ule mlima nimeuona kila asubuhi miaka ishirini na tatu, binamu yangu ni mgumu, anabebea wazungu mabegi mpaka juu kwa hela ya kula, na mimi mwenyewe sijawahi kuvuka geti. Huyu beki katoka Slovakia kwa mbali kule, na mwili ule, kafika mita 5,895, theluji ya kwetu kaikanyaga yeye. Mimi yangu nimekuja kuikanyagia Massachusetts, tena na koleo.

Nikarudi nyumbani asubuhi nimebadilika, nikamwambia Mama Glory NHL msimu wa 2025/26 mshahara wa chini kabisa ni dola 775,000, wa chini, yule anayekaa benchi. Akaniangalia. Akasema wanampa mchezaji au baba wa mchezaji? Nikamwambia tusitangulize maneno ya shetani.

Jumapili hii sasa. Dogo kaweka goli dogo nje pale gari linapokaa, kaniita, baba simama hapa mbele. Nikasimama kwa mbwembwe, nikaanza kumpa darasa lote la mzee, nikamwambia beki wa kweli hakwepi, sikia mwanangu, anajitoa mwili, mimi nilijua ana kile kimpira laini cha rangi ya chungwa. Nikaona mkono umeenda juu. Nikaona kitu cheusi.

Mwanangu ana shuti. Hilo nalisema kama baba, na kama mtu mwenye kifundo cha mguu ukubwa wa fenesi. Nililala pale juu ya theluji nikiita majina ya watakatifu, dogo kanijia mbio na furaha yote, "baba umeblok!"

Mama Glory katoka, hajauliza hata nani kaanza. Kanikokota mpaka kwenye kochi, kafungua friji, kafunga mabonge ya barafu kwenye kanga kanibandika, tulia baba Glory, hii ndo dawa yake. Msimu mzima nimelipia barafu ya dogo, leo ndo na mimi nimegawiwa yangu.