Resi ya malelezi isifutwe

Kila malelezi yakiingia, pepo za msimu zikibadilishana, kusi imeshachoka na kaskazi bado haijasimama, maneno ufukweni huwa yale yale: leo hakuna upepo, resi iahirishwe. Mimi nasema isiahirishwe. Resi ya vyombo vidogo vya tanga, iwe ya ngalawa za Unguja au mashua za Lamu, inanoga zaidi upepo ukiwa mdogo na haujui utokako, kuliko siku ile kusi inavuma na povu limetanda mkondoni.

Siku ya upepo mkubwa tunajua mapema nani atatangulia. Ni chombo chenye tanga jipya, mlingoti imara na vijana wazito wa kukaa kwenye ubao wa upande wa joshi, unakotoka upepo, ili kisipinduke. Napenda kuwatazama, lakini mara nyingi hapo panashindana misuli na mfuko wa mwenye chombo. Upepo ukipungua, wale vijana wazito wanakuwa mzigo, na mzee mwenye tanga la viraka anayeijua bahari yake anapata nafasi.

Tamasha la Utamaduni la Lamu kwa kawaida hufanyika Novemba, ndani ya kipindi hicho hicho cha mabadiliko. Mashua hushindana kwenye mkondo kati ya Lamu na Manda, na mkondo ule ni mgumu kuusoma. Upepo unaotoka upande wa Manda unapita kwanza juu ya mikoko, na ukifika majini umeshakatika vipande vipande. Hapa unavuma, hatua chache mbele hakuna kitu. Nahodha anayeangalia tanga lake tu ameshachelewa. Anayefaa anaangalia mbele: pale maji yalipoingia weusi kwa viwimbi vidogo, upepo uko njiani; moshi ukilala upande mwingine, au tanga la mwenzake likilegea, anajua nini kitamfika yeye punde.

Ndani ya chombo nako kuna kazi, ingawa aliye ufukweni anaona watu wamekaa tu. Mabaharia wanasogea upande wa demani, unakoelekea upepo, ili mashua ilale kidogo, tanga lijae kwa uzito wake lenyewe na sehemu ya chombo inayosugua maji ipungue. Kamba ya kukazia tanga, nayo huitwa demani, inalegezwa, kwa sababu tanga lililokazwa sana halipati tumbo. Usukani unashikwa kwa vidole, maana kila ukiusukuma kwa nguvu unafunga breki. Hakuna anayesimama ghafla. Baharia mmoja akiruka kutoka omo, mbele ya chombo, kwenda tezi, nyuma yake, tanga linatikisika, upepo kidogo uliokuwemo unamwagika, na mwendo uliotafutwa kwa dakika nzima umepotea.

Lakini panaponivutia mimi kuliko pote ni kwenye bisha, yaani kugeuza chombo ili upepo ushike tanga kwa upande wa pili. Tanga letu la pembetatu halipitishwi mlingoti kirahisi. Ili kugeuza, omo inaondolewa kwenye upepo, foromali, ule mti unaobeba tanga, inasimamishwa wima karibu na mlingoti, tanga linazungushwa kwa mbele, kisha demani inavutwa upande wa pili. Kwenye upepo mkubwa hiyo ni kazi ya nguvu na ya haraka. Kwenye upepo mdogo chombo kinakaribia kusimama kabisa, na kila mara unaondoka ukiwa umerudi nyuma kidogo. Upepo ukihama na kukusukumia omo mbali na boya, inakubidi uamue: huku kuhama ni kwa kweli, au ni pumzi moja tu itakayopita? Ukibisha kwa kila pumzi, hufiki. Ukikaa bila kubisha, mwenzako aliyebisha mara moja, mahali panapostahili, anakupita akiwa hajatoa jasho.

Linganisha na vimashua vya futi 12 alivyovichora Mwingereza George Cockshott mwaka 1913. Ni vyombo vya mbao zinazolaliana, vyenye tanga moja linalobebwa na foromali. Viliingia kwenye Olimpiki ya 1920 na ya 1928, ambapo Sven Thorell wa Sweden alishika nafasi ya kwanza, na mpaka leo Waholanzi na Waitalia wanashindana navyo. Kimashua kile kinabisha kwa kupitisha omo kwenye upepo, kwa sekunde chache, kwa hiyo mtu anaweza kufuata karibu kila badiliko. Nahodha wetu hana anasa hiyo. Anachagua mabadiliko machache, na kila analolichagua lina gharama. Kwangu mimi mtihani wake ni mgumu zaidi, na inanisikitisha kwamba tunauonea haya mpaka kuufuta.

Wanaotaka kuahirisha wana hoja moja nzito, nayo ni maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo wa maji unaweza kuushinda upepo mdogo, na chombo kikachukuliwa kinyumenyume tanga likiwa limejaa. Hapo si resi tena. Ila dawa yake iko kwenye kalenda ya mwezi, ambayo kila mvuvi anaijua kichwani. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, mkondo unapungua nguvu, na resi inafanyika vizuri. Tatizo ni kwamba tarehe zinapangwa ofisini kufuata wikendi na ratiba za wageni rasmi, kisha lawama anatupiwa upepo.

Kwa hiyo waandaaji wawaulize manahodha kabla ya kuchapisha tarehe. Malelezi yakifika, kozi ifupishwe, vyombo viondoke alasiri upepo wa baharini ukishaingia badala ya asubuhi ya shwari, na uwekwe muda wa mwisho ili boti ya mashine isianze kuwavuta watu wakati bado wanashindana. Na zawadi ya resi hiyo iwe sawasawa na ya kusi.