Mlingoti unaovuma: tuufunge kamba au tuuache?

Huku Mabatini, Mwanza, juu ya mawe, mlingoti wa antena yangu huvuma kila alasiri upepo wa ziwani ukipanda. Fundi alisema nati zimelegea. Akazikaza. Ukaendelea kuvuma.

Nati hazina kosa. Upepo ukipita kwenye bomba la duara hauungani vizuri mgongoni mwake: unabanduka kushoto, kisha kulia, ukiacha vinyamkera vidogo, yaani mizunguko ya hewa, kwa zamu, na kila zamu ni msukumo. Strouhal, mwanafizikia wa Kicheki, alilichunguza jambo hili mwaka 1878. Gawa kasi ya upepo kwa kipenyo cha bomba, zidisha kwa 0.2, upate mara ngapi kwa sekunde. Bomba langu ni la sentimita 5. Upepo wa mita 8 kwa sekunde unalisukuma mara 32 kila sekunde. Ukilaza kichwa ukutani unausikia mngurumo wenyewe.

Dawa maarufu ni kuzungushia kamba, kama nyoka apandavyo mti. Watafiti Scruton na Walshe wa Uingereza walibuni mapezi ya namna hiyo kwa ajili ya mabomba ya moshi miaka ya 1950: matatu, kimo chake sehemu ya kumi ya kipenyo. Vinyamkera hubanduka kwa nyakati tofauti chini, katikati na juu ya bomba, basi havisukumi kwa pamoja.

Wanaoyapinga wana hoja nzito. Kwenye bomba la moshi lililo pana, mapezi yanaweza kufanya upepo usukume karibu maradufu, na anayelipia nondo na saruji ya msingi analijua hilo. Ndiyo maana nyaya za daraja la Tatara, Japani, lililofunguliwa 1999, zilitiwa vibonyeo vidogo, ili zisitikiswe na mvua na upepo bila kubeba mzigo huo.

Hoja hiyo, lakini, haifiki kwangu. Bomba jembamba husukumwa sana hata likiwa laini. Kamba inaongeza kidogo tu. Kibao cha kusimamisha mgongoni kama mkia? Kingefaa kama upepo ungekuwa na upande mmoja. Mvuvi yeyote wa Kirumba atakuambia: mchana unatoka ziwani, usiku nchi kavu. Ukikipiga ubavuni, kibao kimeshakuwa tanga.

Nikafunga kamba tatu za milimita 5, kila moja ikimaliza mzunguko kwa sentimita 25. Mlingoti umenyamaza. Kwa ule mzigo kidogo ulioongezeka nikaushikiza kwa nyaya tatu za milimita 4, na sasa nyaya ndizo zinazopiga mluzi, mara 400 kwa sekunde, kwa upepo ule ule.