Udongo mweusi umebeba lawama za maji

Ukitaka kuvunja bei ya ploti Kitengela au Athi River, piga jembe mara moja mbele ya mwenye kuuza, okota bonge la udongo useme, "Kumbe ni black cotton," jina la Kiingereza la udongo huu mweusi. Bei itashuka. Mnunuzi ataondoka akiwaza nyufa, na muuzaji atabaki akiapa kwamba jirani amejenga ghorofa mbili na hazijatikisika. Kila mmoja ana hoja yake, ila mimi naona udongo huu unasingiziwa.

Wanaoukimbia wana hesabu mkononi. Huu ni mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, hadi mwezi wa Februari ufa shambani unameza mkono. Dawa iliyozoeleka ni kuuchimba wote, kuubeba kwa malori, kisha kujaza mawe na murram na kushindilia. Ukiwa na kina cha futi tatu, gharama inavumilika. Ukifika futi saba, ule unafuu wa bei ya ploti umeishia shimoni kabla jiwe la kwanza la ukuta halijalazwa. Hapo sibishani nao.

Lakini kuvimba kwenyewe si hatari kubwa. Nyumba hupasuka pale udongo unapovimba upande mmoja huku upande wa pili ni mkavu. Ndiyo maana jamvi moja la zege lenye nondo za kutosha, likitandazwa chini ya nyumba nzima, hustahimili mahali ambapo msingi wa mtaro, ule unaopita chini ya kuta tu, hukatika. Basi swali ni nani analowesha upande mmoja. Ni bomba linalovuja chini ya jikoni, ni maji ya paa yanayomwagika kwenye kona ileile kila mvua, na zaidi ya yote ni shimo la maji taka.

Shimo hili ndilo linalonikera. Ploti ni ya futi 50 kwa 100 na bomba la maji taka la mji halijafika. Fundi anajenga tangi, kisha analichimbia shimo la kunyonya, limezungushiwa mawe bila simiti ili maji yapenye. Kwenye udongo mwekundu wa Kiambu maji hupenya kweli. Kwenye mweusi, udongo ukishalowa unavimba na kujiziba, na shimo linakuwa ndoo. Mvua za Aprili zikianza, maji yanarudi chooni. Eksosta, lile lori la kunyonya maji taka, inakuja, inanyonya, inalipwa, na baada ya siku chache inapigiwa simu tena. Yale machache yanayovuja nayo yanaelekea wapi, na ukuta wa chumba cha kulala uko hatua chache tu? Ufa unatokea kwenye kona hiyo. Mwashi anauziba, nao unarudi palepale. Mwashi na mchimba shimo walikuja siku tofauti, kwa hiyo hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Lawama anabebeshwa udongo.

Usidhani mchanga ni salama zaidi. Kule Kisauni, Mombasa, ardhi inameza maji ya choo bila kinyongo, na visima viko jirani. Udongo mweusi angalau unakurudishia uchafu wako uuone.

Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Tanganyika, katika miaka ya 1930, alionyesha jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni. Mara nyingi mwekundu wa juu na mweusi wa chini hutokana na mwamba uleule. Juu maji hupita, chini husimama. Wasukuma huziita nchi hizo za chini mbuga, na huko ndiko wanakochimba majaluba ya mpunga. Mwea nako mpunga umelimwa kwenye udongo huu tangu miaka ya 1950. Kwa hiyo anayesema udongo mweusi hauoteshi kitu huwa amekosea saa tu: ukilowa unang'ang'ania jembe, ukikauka unalivunja, na siku za katikati ni chache. Sukuma wiki juu ya matuta yenye samadi huwa bado ya kijani wakati ya udongo mwekundu imeshanyauka.

Mwenye nyumba moja na nafasi ya kutosha anaweza kujenga tangi lisilovuja, akayapeleka maji yake mbali na msingi, kwenye tuta pana la mchanga lililopandwa migomba. Ila yule anayetaka kupandisha vyumba 16 vya kupangisha kwenye futi zilezile 50 kwa 100, akaniuliza maji ya wapangaji wote hao yatakwenda wapi mwezi wa Aprili, sina cha kumjibu.